Mashine ya Kuona Ndani ya Mawe, na Jengo Ambalo Tayari Lilikuwa Limeonekana

Kutoka Kiamaiko, pale soko la mbuzi, hadi mahali jengo la Huruma lilianguka mwaka wa 2016, unatembea tu. Huhitaji matatu. Ndiyo maana ploti ikianguka popote Nairobi, stori mtaani kwetu huanza na Huruma. Na lazima kuna msee atauliza: "Kwani hawana mashine ya kuona ndani?"

Hilo ni swali zuri kuliko watu wanavyodhani. Mashine za kuona ndani ya mawe ziko. Zina historia ya miaka 70 hivi, na sura zake kubwa zimeandikwa hapa hapa Afrika, ndani ya piramidi za Misri. Mimi niliacha chuo, sina cheti cha fizikia, lakini nimeifuatilia hii historia kwa muda na nataka nikupitishie. Ukiifuata hadi mwisho, inamjibu huyo msee kwa njia ambayo haitafurahisha serikali, wala wenye ploti, wala sisi wapangaji.

Tuanze na kitu chenyewe. Nyosha mkono ufungue kiganja, kama unangoja chenji kwa konda. Karibu kila sekunde, kitu kimoja kinapita katikati ya hicho kiganja na kuendelea na safari yake hadi ardhini. Kinaitwa myuoni. Ni kama binamu mzito wa elektroni, uzito wake ni mara 207 hivi. Inazaliwa juu sana, kama kilomita 15 kutoka hapa chini, wakati chembe zinazotoka mbali angani, zile zinaitwa miale ya kosmiki, zinagonga hewa yetu. Maisha yake ni mafupi ajabu: kwa wastani sehemu 2.2 za milioni ya sekunde. Kwa hesabu ya kawaida ingekufa kabla ya kumaliza kilomita moja. Lakini inakimbia karibu na kasi ya mwanga, na kwa kitu kinachokimbia hivyo, muda hujivuta, vile Einstein alisema. Kwa hivyo inafika.

Zinafika nyingi. Kwenye usawa wa bahari, kama 10,000 hupita kwa kila mita mraba kila dakika. Sisi Nairobi tuko juu, mita 1,600 na zaidi, kwa hivyo tunapata zaidi kidogo ya watu wa Mombasa. Hazichagui. Zinanyeshea Runda na Kiamaiko sawasawa, na hakuna mtu amewahi kukatiwa kwa sababu hajalipa.

Hakuna aliyezitafuta. Mwaka wa 1912 Victor Hess, kutoka Austria, alipanda na puto hadi zaidi ya mita 5,000 akiwa na vipimo vya mionzi. Wengi walidhani mionzi yote inatoka ardhini, kwa hivyo ukipanda inafaa ipungue. Yeye akakuta inaongezeka. Maana yake ilikuwa inatoka juu. Alipewa Nobel mwaka wa 1936, na mwaka huo huo Carl Anderson na Seth Neddermeyer, wakiwa California, wakaiona myuoni yenyewe. Ilikuwa mgeni ambaye hakuna mtu alikuwa amemwalika.

Sasa, mgeni kama huyo anakusaidiaje kuona ndani ya jiwe? Fikiria mvua ya Aprili na paa la mabati lenye matobo. Wewe uko ndani ya nyumba, giza, hujapanda juu. Panga ndoo sakafuni. Ndoo inayojaa haraka inakuambia tobo liko wapi. Myuoni ni hiyo mvua, na jiwe ndilo paa. Jiwe likiwa nene, myuoni nyingi zinaishiwa nguvu njiani. Mahali palipo na uwazi, iwe ni chumba au pango au shimo, nyingi zaidi zinapita. Kazi yako ni kuweka kifaa chini au pembeni, kuhesabu, na kuandika kila moja imetoka upande gani. Hii si kama eksirei ya hospitali, ambapo mashine inakumulika. Hapa taa ni ya bure na iko juu tayari. Unachotengeneza wewe ni jicho.

Wa kwanza kuitumia hivyo alikuwa E. P. George, nchini Australia, mwaka wa 1955. Mradi wa umeme wa maji wa Snowy Mountains ulikuwa unachimba handaki, na wahandisi walitaka kujua uzito wa mwamba ulio juu yao. George akaingiza vihesabio ndani, akahesabu myuoni, akapata jibu bila kutoboa. Hebu uangalie hiyo mara mbili: kazi ya kwanza kabisa ya myuoni kwenye mawe ilikuwa kuuliza kama kilicho juu ya vichwa vya wafanyakazi ni kizito kiasi gani. Haikuwa dhahabu wala siri za wafalme. Ilikuwa swali la mtu aliye chini ya mzigo.

Halafu stori ikahamia Misri. Luis Alvarez wa Berkeley, Marekani, alikuwa mmoja wa wanafizikia wakubwa wa wakati wake. Piramidi ya Khufu ina vyumba na njia ndani. Ya mtoto wake Khafre, iliyo jirani na karibu ukubwa sawa, ilikuwa na chumba kimoja kikuu tu kinachojulikana, chini kabisa. Alvarez akajiuliza: kweli mtoto alijenga kwa urahisi kuliko baba, au vyumba vimefichwa? Timu yake na wanasayansi wa Misri wakaweka masanduku ya cheche kwenye hicho chumba cha chini. Myuoni ikipita ndani ya sanduku, cheche inaruka palepale ilipopita, na kompyuta inarekodi. Kifaa kilikuwa tayari Juni 1967. Tarehe 5 mwezi huo vita kati ya Israeli na nchi za Kiarabu vikaanza, na kazi ikasimama. Ikaendelea mwaka uliofuata.

Matokeo yalichapishwa mwaka wa 1970. Kwanza walihakikisha jicho linaona: waliweza kutambua kona za piramidi na ile kofia ya mawe laini iliyobaki juu kwenye kilele, wakiwa chini kabisa, kupitia mawe yote hayo. Kisha wakatafuta chumba kwenye asilimia 19 ya piramidi, ile sehemu ambayo kifaa kingeweza kuona vizuri. Hakuna chumba walichopata.

Watu huisimulia hiyo kama kushindwa. Mimi naona ni ushindi mkubwa. Kuna tofauti kati ya "hatujaona kitu" na "tumeangalia, tuna uhakika hapa hakuna kitu". Ya kwanza ni uvivu. Ya pili ni maarifa. Ukiishi kwenye ploti ya orofa saba utaelewa haraka. Mwenye ploti akikuambia "hakuna shida na hii nguzo", swali lako liwe moja tu: umeangalia, ama hujaangalia?

Baada ya hapo hii teknolojia ikatembea. Wajapani wakaitumia kuchungulia ndani ya milima ya volkano. Mwaka wa 2003 maabara ya Los Alamos ilionyesha njia nyingine, ya kutazama vile myuoni inapindishwa kona ikipita kwenye vitu vizito kama urani, ili mizigo ikaguliwe bila kufunguliwa. Mwaka wa 2015 ikatumika Fukushima, Japani, kwenye kiwanda cha nyuklia kilichoharibika mwaka wa 2011. Hakuna binadamu angeingia pale akachungulia. Myuoni zikaonyesha kwamba kwenye mtambo namba 1, karibu mafuta yote ya nyuklia hayakuwa tena mahali pake. Yalikuwa yameyeyuka na kushuka.

Na mwaka wa 2017 Misri ikarudi kwenye habari. Mradi wa ScanPyramids ulitumia njia tatu tofauti kwa piramidi ya Khufu. Chuo cha Nagoya kilileta filamu maalum zinazobaki na alama ya kila myuoni, maabara ya KEK ya Japani ikaleta plastiki inayomulika ikipitiwa, na Wafaransa wa CEA wakaleta vifaa vya gesi wakaviweka nje. Zote tatu zikaona kitu kimoja: uwazi mkubwa wa angalau mita 30, juu ya ile njia kuu ya ndani. Machi 2023 wakathibitisha uwazi mwingine, njia ndogo ya mita 9 hivi upande wa kaskazini. Hii ya pili waliingiza kamera nyembamba katikati ya mawe wakaiona kwa macho. Myuoni zilikuwa zimesema kweli.

Lakini sura ninayoipenda zaidi si ya mfalme. Ni ya mtaa. Naples, Italia, kuna mtaa unaitwa Sanità, mtaa wa kujazana, nyumba juu ya nyumba. Chini yake kuna makaburi ya Wagiriki wa kale, zaidi ya miaka 2,000. Huwezi kubomoa nyumba za watu ukitafuta kaburi. Kwa hivyo watafiti wakashuka mita 18, wakaacha filamu za myuoni ndani ya stoo ya chini ya ardhi kwa siku 28. Filamu hazihitaji umeme, hazihitaji fundi akae hapo, na zinaenea mahali pembamba. Mwaka wa 2023 wakatangaza: chumba kilichofichwa kipo, ukubwa kama wa bedsita ya kawaida huku kwetu. Juu yake watu walikuwa wakiendelea kupika na kulala.

Hapo ndipo vile vifaa vya kubeba vinaingia. Shida ya mahali pembamba si udogo tu. Vifaa vingi vya myuoni hutumia gesi inayopitishwa wakati wote, na hutaki kuingia na mitungi ya gesi kwenye pango lisilo na hewa. Kwa hivyo chuo cha Louvain, Ubelgiji, kimekuwa kikitengeneza kigunduzi kidogo cha sahani za kioo, chenye eneo la kupimia la upande wa sentimita 16, ndani ya kisanduku kilichozibwa kabisa ili gesi isibadilishwe kila saa. Kutoka mtambo wa kujaza chumba cha piramidi hadi kitu cha kubeba mkononi: hiyo ndiyo safari ya miaka 50.

Sasa rudi Huruma.

Ijumaa usiku, tarehe 29 Aprili 2016, baada ya mvua kubwa, jengo la orofa sita lilianguka karibu na mto. Watu wapatao 50 walikufa. Waokoaji walichimba usiku na mchana. Baada ya saa 80 hivi walitoa mtoto mchanga, hai. Siku ya sita wakatoa watu wazima wanne, hai. Mtaa mzima ulikuwa umesimama pale ukingoja.

Je, kile kisanduku cha sentimita 16 kingesaidia? Tupige hesabu ya haraka. Sentimita 16 mara 16 ni 256. Kwa myuoni moja kwa kila sentimita mraba kwa dakika, unapata 256 kwa dakika, kama 15,000 kwa saa. Inasikika nyingi. Lakini hizo zinatoka pande zote za anga. Ukitaka picha yenye vipande 1,000 tu, picha mbaya kuliko ya simu yoyote uliyowahi kushika, kila kipande kinapata 15 kwa saa. Ukihesabu 15, bahati peke yake inaweza kukuyumbisha kwa 4 hivi juu au chini. Huwezi kusema chochote kuhusu uwazi mdogo. Ukihesabu 1,000 inakuyumbisha kwa 32 hivi, asilimia 3, na hapo unaanza kuongea. Kufika 1,000 ni zaidi ya saa 66. Na hapo uwe umepata njia ya kuweka kifaa chini ya vifusi, na bado utaona uwazi tu. Hutaona kama ndani yake kuna mtu anapumua.

Saa 66 ni karibu siku tatu. Mtu aliye chini ya zege hana siku tatu za kungoja picha. Kwenye vifusi, sikio, mbwa, nyundo na mikono ya watu wa mtaa bado vinashinda fizikia yote niliyoisimulia hapa. Myuoni ni chombo cha subira. Kinafaa kitu ambacho hakijaanguka.

Na huko, kabla ya kuanguka, kuna kazi ya kweli. Mjini Brescia, Italia, kuna jengo la kale linaitwa Palazzo della Loggia, na watafiti wamechunguza wazo hili: weka vigunduzi juu, katikati na chini, vyote kwenye mstari mmoja. Myuoni inapita sakafu kama haioni kitu, kwa mstari ulionyooka. Jengo likisogea hata kidogo, ile mistari inaanza kukataa kulingana. Unajua linahama bila kubomoa ukuta na bila kuhitaji kuona kutoka orofa moja hadi nyingine. Ni polepole, ndiyo. Lakini nguzo inayolegea huchukua miezi, na myuoni zina miezi.

Ukisoma hapo utataka kusema: basi Kenya inunue hizo mashine, ifunge kila ploti Eastlands. Hapana, ngoja kwanza.

Jengo la Huruma halikuanguka kwa sababu hakuna aliyeliona. Liliripotiwa kuwa tayari lilikuwa kwenye orodha ya kubomolewa. Mto ulikuwa pale kila mtu anauona. Mapema 2015 jengo lingine lilikuwa limeanguka Huruma hiyo hiyo, na Rais akaagiza majengo yakaguliwe. Ukaguzi ukasema asilimia 58 ya majengo ya Nairobi hayafai kuishi watu. Asilimia 58! Hiyo ni picha iliyo wazi kuliko myuoni yoyote ingetoa. Ilitolewa kwa macho, kalamu na karatasi. Halafu likaanguka na watu ndani.

Kwa hivyo jibu langu kwa yule msee ni hili: mashine ya kuona ilikuwepo. Ilikuwa binadamu mwenye faili. Kilichokosekana ni hatua kati ya kuona na kuwatoa watu, na hiyo hatua haiuzwi na Wajapani wala Wabelgiji. Iko kwa mwenye ploti anayehesabu kodi ya mwezi ujao, kwa afisa anayeandika barua na kuiacha kwa dawati, na ndiyo, iko kwetu pia, kwa sababu tunahamia pale tukijua, maana kodi ni ya chini na kazi iko karibu. Simlaumu mpangaji. Mtu hachagui ploti mbovu kama ana nzuri ya kuchagua. Ndiyo maana nasema kuwaambia watu "hameni" bila kuwaonyesha wanakwenda wapi si kuchukua hatua. Ni kuhamisha lawama tu.

Na usiniambie haiwezekani. Juni 2017, Kware kule Pipeline, jengo la orofa saba lilianguka usiku. Lakini nyufa zilikuwa zimeonekana mapema na wapangaji wengi walikuwa wameshatolewa. Haikuzuia vifo vyote. Ila linganisha na Huruma uone tofauti ya kuona na kutenda siku hiyo hiyo. Hakuna aliyehitaji chembe kutoka angani. Ufa kwenye ukuta ulitosha.

Basi kwa nini nimekuchosha na historia yote hii ya myuoni? Sababu mbili.

Ya kwanza: hii sayansi si ya watu wa mbali. Watafiti wa MIT walichapisha ramani ya kigunduzi kidogo kinaitwa CosmicWatch, cha dola 100 hivi: kipande cha plastiki inayomulika, kihisi kidogo cha mwanga, na bodi ya Arduino. Kihisi na plastiki utaagiza nje, lakini hiyo bodi na waya utapata Luthuli Avenue, na mafundi wa kuchomelea tunao wa kumwaga. Nataka kuona wanafunzi wa sekondari ya Eastlands wakihesabu myuoni juu ya paa, halafu chini kwenye orofa ya kwanza, waone wenyewe vile zege inazipunguza. Mtoto aliyehesabu hivyo hatatishwa na mhandisi anayeongea lugha ngumu.

Ya pili ni kile Alvarez alifanya mwaka wa 1970. Alisema wazi ameangalia wapi, asilimia ngapi, na amepata nini, hata jibu lilipokuwa "hakuna". Piramidi ya mfalme aliyekufa miaka 4,500 iliyopita ilipata ripoti yenye heshima hiyo. Ploti unayolala leo haijapata. Ukaguzi ukifanywa mtaani kwetu, matokeo yabandikwe kwenye lango la ploti, kwa Kiswahili, na tarehe: tumekagua nguzo hizi, hizi hatujakagua, hali ni hii. Sio alama ya X peke yake ambayo mvua mbili zinaifuta, au rangi mpya inaifunika.

Mpaka siku hiyo ifike, wewe ndiwe kigunduzi. Kabla hujalipa dipoziti, shuka orofa ya chini mchana. Tazama nguzo, tafuta ufa ulioenda mshazari, gonga, angalia kama mlango unakataa kufunga kwa sababu fremu imepinda. Uliza majirani maji ya mvua huenda wapi. Piga picha uandike tarehe, urudi baada ya mwezi upige tena pale pale. Ukiona tofauti, ziweke mbili pamoja umwonyeshe mwenye ploti, umwonyeshe na jirani wa mlango wa pili, na mpeleke malalamiko mkiwa wengi, sio wewe peke yako.